Msitu Uliofagiwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya malinda na viatu vyeupe, kwa sababu nilidhani nakwenda ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kitalu cha miche karibu na Mingoyo: kibanda cha makuti, safu za matuta, na pampu iliyokuwa ikikohoa pembeni. Msimamizi wa kitalu, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, alivitazama viatu vyangu kabla hajanitazama usoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakipokea cheti changu cha chuo cha misitu na kukisoma chote hadi mhuri.

"Cheti kizuri," alisema. "Kiweke mkobani kisije kikalowa. Sasa chukua ndoo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza utumishi. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na maduka ya Lindi yakaanza kujaa tena sabuni, vitenge na redio. Sisi wa serikalini tulifurahia sabuni hiyo kama watu wengine, bila kujua kwamba ruksa hiyohiyo ingefika hadi kwenye orodha za majina yetu. Ninyi vijana wa misitu mnaokwenda semina na kulala hotelini, naomba mnivumilie. Nitawaeleza jinsi tulivyofanya kazi, na katikati ya maelezo hayo kuna jambo moja ambalo nimekaa nalo kwa miaka mingi. Linahusu jina la mtu.

Kwanza kazi. Mti wetu mkubwa kule ni msaji, ambao wengi wenu mnauita mtiki. Mbegu yake ina ganda gumu na haioti kwa kubembelezwa. Msimamizi alinifundisha kuiloweka usiku, kuianika juani mchana, kisha kuiloweka tena, siku baada ya siku, mpaka ganda lichoke. Mche ukishakua tuliung'oa na kuukata juu na chini, ukabaki kipande kifupi cha shina na mzizi wa urefu wa kama shubiri moja. Hicho tulikiita kisiki, na ndicho tulichopeleka shambani. Mara ya kwanza nilipoambiwa nikate miche niliyoitunza mwaka mzima nilitaka kulia. Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini. "Binti, huu si mchicha," alisema. "Ukiuonea huruma, utakufa njiani." Nilikata, na visiki vyangu vilichipua karibu vyote.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kipatimu, kwenye milima ya Wamatumbi. Barabara ya huko ilikuwa ya kutapisha, na pikipiki ya idara ilisukumwa mara nyingi kuliko ilivyopandwa. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi wakulima wapande miti kwenye mashamba yao ya miteremko. Niliwaamkia wazee, nilikula ugali na kisamvu katika nyumba za Waislamu na za Wakatoliki, nikazoea kuitwa Bibi Miti. Jina hilo lilinifuata mpaka nilipostaafu, na sikulichukia hata siku moja. Mkuu wangu wakati huo alikuwa Afisa Misitu wa Wilaya, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa soksi nyeupe hata porini. Alikuja kunikagua, akakuta miche imesimama katika mistari iliyonyooka na magugu hakuna. Baada ya miezi michache barua ya uhamisho ikafika, na nikajua amependa alichokiona.

Alinipeleka kwenye kilima kilicho juu ya mji mmoja mdogo wa pwani. Mji wenyewe sitautaja, maana waliokuwa viongozi siku hizo wana watoto na wajukuu pale, na sikusudii kumchafua mtu mwingine zaidi yangu. Kilima kizima kilikuwa cha misaji iliyopandwa kabla yangu, kwa shabaha moja tu, kulinda chemchemi iliyotoka chini yake. Kwenye chemchemi palijengwa banio, yaani kisanduku cha zege kinachokusanya maji na kuyapitisha kwenye chujio kabla hayajaingia bombani. Kutoka hapo maji yaliteremka yenyewe bila mashine hadi kwenye tangi la mji. Hospitali, shule, misikiti, kanisa, soko la samaki, wote walikunywa kutoka kwenye kilima kile. Mkuu wangu alinisimamisha juu yake, akanionyesha mabati ya mji yaking'aa chini.

"Unaona wale?" aliniuliza. "Wakifungua bomba asubuhi hawakukumbuki. Siku bomba likikauka, watakukumbuka."

Adui tuliyefundishwa kumwogopa alikuwa moto. Msaji hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, majani mapana kama sinia, na yakikauka yanalala chini kwa tabaka nene likingoja cheche ya mrina asali. Zamani idara ilikuwa na vibarua wengi wa kulima njia za moto, yaani mikanda mitupu inayokata msitu ili moto usivuke. Lakini ruksa ilikuwa imekuja na maneno yake mapya, na mojawapo lilikuwa kupunguza wafanyakazi. Nilikuta vibarua wachache waliobaki, wamechoka, na kila mmoja anauliza kama jina lake limo kwenye orodha. Kiangazi cha kwanza moto uliingia mara mbili. Mkuu wangu alikuja akapita kwenye majivu na soksi zake nyeupe.

"Sitaki kuona jani chini ya miti hii," alisema. "Moto ukiingia tena nitakuuliza wewe, sitamuuliza Mungu."

Hapa lazima niwaeleze nilikotoka, vinginevyo hamtaelewa nilichofanya. Mimi ni Mmakonde wa Newala, juu kwenye uwanda wa juu ambako maji ni taabu. Bibi yangu aliteremka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi jua likiwa kali. Baba yangu, alipopata uwezo, alichimba birika la ardhini uani, akalisakafia kwa saruji, na uwanja wote akauinamisha kidogo kuelekea birikani ili mvua ikinyesha maji yatiririke yenyewe mpaka ndani. Mvua zilipokaribia, sisi watoto wa kike tulifagia uwanja ule mpaka ardhi ikawa ngumu na inateleza. Jani moja likibaki, mama aliuliza nani kafagia hapa. Kwetu ardhi iliyofagiwa ndiyo iliyotupa maji, na mimi niliamini hivyo kabla sijajua kusoma.

Basi niliwaita akina mama wa vijiji vya chini ya kilima, nikawaambia waje na reki na mafagio ya fito. Kuni zote za chini ni zao, vijiti ni vyao, majani wayatoe wakayachome mbali au wayatie kwenye mashamba yao. Vichaka vilivyoota chini ya misaji navyo wavikate wachukue. Walikuja kwa nderemo. Katika msimu mmoja kilima kikawa safi, unaona kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho, na moto haukuingia tena. Mkuu wangu alileta wageni kutoka mkoani kuja kutazama. Mmoja alisema angeweza kutandika mkeka popote akalala. Nilijisikia vizuri sana siku ile, siwezi kukataa.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Alikuwa mlinzi wa banio, mwajiriwa wa maji, jina lake Mzee Mbonde. Alikuwa Mmatumbi kutoka upande wa Njinjo, mtu wa swala tano, kofia yake imefuliwa mpaka imekuwa laini. Kazi yake ilikuwa kusafisha chujio, kufungua na kufunga koki, na kutazama maji. Ninaposema kutazama, msidhani ni kazi ndogo. Alikuwa amekaa pale miaka mingi na aliyajua maji yale kwa rangi, kwa sauti na kwa ubaridi wake kwenye kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa na cheo, yeye alikuwa na umri, kwa hiyo nilimwamkia kila siku na yeye akaniita Bibi Miti kwa heshima.

Alikuja ofisini kwangu mara ya kwanza mvua za mwanzo zilipoanza. Alivua makubazi mlangoni.

"Bibi Miti, nina neno. Maji yamebadilika mwendo. Zamani ikinyesha leo, banio linaongezeka kesho kutwa, taratibu, na maji meupe. Sasa ikinyesha, yananifikia kabla sijakunja kanzu. Na yanakuja mekundu."

Nilimwambia ni mvua kubwa tu, mwaka huu zimekuja kwa hasira. Akashukuru, akavaa makubazi, akaenda.

Mara ya pili alileta chupa ya soda iliyojaa maji ya banio. Aliiweka mezani, tukazungumza habari za nyumbani, na tulipomaliza matope yalikuwa yametua chini ya chupa, unene wa kidole. "Udongo huu ni wako," alisema kwa upole. "Unatoka kwako juu, unahamia kwangu." Nilimjibu kwamba nitalifikiria. Sikulifikiria.

Mara ya tatu aliomba kitu kidogo. Aliomba akina mama wasifagie ule upande ulio juu ya banio, hatua mia moja tu, majani yabaki na vichaka viote. Alisema ardhi ile ilikuwa ikinywa mvua polepole na kuitoa polepole, na sasa imekuwa ngumu, haimezi. Alinieleza sayansi ambayo mimi nililipiwa na serikali kuijua. Matone yanayoanguka kutoka kwenye jani pana la msaji ni mazito, na yakikuta udongo mtupu yanauchimba. Chuoni tulifundishwa hilo kwa ubao na chaki. Lakini nilikuwa na ripoti nzuri, na mkuu wangu alikuwa anatarajiwa wiki ile.

"Mzee wangu," nilimwambia, "kila mtu na idara yake. Wewe tunza banio, mimi nitunze miti."

"Sawa, Bibi Miti," alisema, akavaa makubazi yake, akaondoka.

Mwezi wa Machi mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilipanda kilimani nikiwa na mwavuli, na kabla sijafika katikati nilisimama. Kilima kizima kilikuwa kikitiririka. Maji yalipita katikati ya miti yametanda, mekundu, kama yalivyopita uwanjani kwa baba yangu kuelekea birikani, ila hapa hapakuwa na birika. Yalikuwa yamechimba mifereji, mizizi imebaki nje, na yote yalielekea bondeni. Nilitelemka nikikimbia. Banio halikuonekana. Palikuwa na tope limejaa hadi juu ya ukuta wa zege, na Mzee Mbonde alikuwa ndani yake hadi kiunoni, anachota kwa karai peke yake. Alikuwa ameanza tangu usiku wa kuamkia siku ile. Tuliwaita vibarua tukachimba naye siku nyingi, lakini bomba lilikuwa limeziba mbali, na mji ulikaa bila maji kwa majuma.

Watu walirudi kwenye visima vya zamani na kwenye madimbwi. Ugonjwa wa kuhara ukaingia. Walikufa watu, na wengi wao walikuwa watoto. Sikuhesabu, na siombi mtu anihesabie sasa. Nilihudhuria mazishi mawili, ya tatu sikuweza.

Baada ya hapo ikaundwa kamati ya kuchunguza. Tuliketi kwenye ukumbi wa shule: mwenyekiti, wakuu wa idara, Mzee Mbonde kwenye kiti cha mbele, na mimi kando ya mkuu wangu mwenye soksi nyeupe. Kila mtu katika ukumbi ule alijua kwamba idara ya maji inatafuta majina ya kupunguza, na idara ya misitu vilevile. Mimi nilikuwa mwanamke pekee wa misitu wilayani, na nyumbani Newala mama na wadogo zangu wanne walinitegemea mimi. Nayasema haya ili mjue nilichokiogopa. Siyatoi kama udhuru.

Walimuuliza Mzee Mbonde kwa nini aliacha tope lijae mpaka chujio likazibwa. Alijibu kwamba tope lilikuja kwa mkupuo mmoja, na kwamba dalili zake alikuwa ameziona mapema akazitolea taarifa.

"Ulimpa nani taarifa?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilimpa Bibi Miti."

Ukumbi wote ukanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza, "Ni kweli? Mlinzi huyu aliwahi kukupa taarifa?"

Mkuu wangu hakunitazama, alikuwa akifuta miwani yake. Nilisimama, nikashika ukingo wa meza.

"Hapana," nilisema. "Si kwa maandishi."

Katibu aliandika neno la kwanza. Sijui kama aliandika na yale mengine. Mzee Mbonde alikuwa mtu wa kuvua viatu mlangoni kwako na kukwambia neno usoni. Kumwandikia barua mtu unayeweza kumfikia kwa miguu, kwake ilikuwa sawa na kumshtaki. Heshima ile ndiyo niliyoitumia kumwangamiza. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza. Alinitazama, si kwa hasira, akasema, "Bibi Miti ameshasema."

Walimwachisha kazi kwa uzembe, kwa hiyo hata kile kidogo walichopewa waliopunguzwa yeye hakupata. Akarudi Njinjo na mkewe na watoto. Lakini mji haukumwacha. Watu waliozika walihitaji mtu wa kumlaumu, na kamati ilikuwa imewapa. Mlinzi akisinzia langoni waliambizana kwamba amefanya kimbonde. Mwanafunzi akichelewa, mwalimu alimwita Mbonde. Nimelisikia neno hilo hadi Lindi mjini, kwa watu waliozaliwa baadaye na wasiojua kama Mbonde alikuwa mtu. Huenda na ninyi mmelisikia.

Na mimi? Nilisimamisha ufagiaji wiki ileile. Niliacha majani yaoze mahali yalipoangukia, nikakata baadhi ya misaji juu ya banio ili mwanga ushuke, na vichaka vikaota, na mikuyu ikarudi yenyewe kwa mbegu za ndege. Tulipanda nyasi ndefu kwa mistari kukatisha mteremko. Moto tuliuzuia kwa njia za kulima na kwa kuwapa vijiji sehemu zao za kulinda. Baada ya misimu michache maji yalirudi kuwa meupe, na mvua ya leo ikawa inalifikia banio kesho kutwa, kama alivyosema. Wageni wakaja tena kutoka mkoani. Nilipewa barua ya pongezi na cheo, nikahamishiwa Lindi. Katika barua ile waliandika kwamba nimebuni njia ya kuhifadhi chanzo cha maji. Niliisaini kwamba nimeipokea.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na siwadanganyi, nyingi zilikuwa njema. Niligonga nyundo ya alama, mhuri wa kuruhusu gogo lisafirishwe, kwenye magogo yaliyostahili na nikakataa kuigonga kwenye yasiyostahili, hata wafanyabiashara wa mbao walipokuja na magari yao na tabasamu zao. Nilisifiwa kwa msimamo. Kila niliposifiwa niliukumbuka ule ukumbi wa shule.

Nilipostaafu nilipanda basi, kisha bodaboda, mpaka Njinjo. Nilimkuta Mzee Mbonde barazani kwake, mzee kabisa, macho yamefifia, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Mkewe alinitambua kwanza. Hakunikaribisha, alisogeza tu mkeka kwa mguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alisimamisha mikono. "Bibi Miti huyo. Sauti yako haijazeeka."

Nilikaa chini. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka. Nilimwambia tu kwamba nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza kwamba aliniambia mara tatu, kwamba niliulizwa mbele ya watu nikakana, na kwamba niliogopa kupoteza kazi. Nililia, nami si mtu wa kulia. Mkewe alisubiri nimalize.

"Mwanangu wa kwanza aliacha shule kwa sababu ya jina la baba yake," alisema. "Mpaka leo anajiita kwa jina la babu." Akainuka, akaingia ndani.

Mzee alirudi kwenye mahindi yake kwa muda.

"Radhi nilikupa zamani," alisema. "Nilikuwa naswali na wewe umo moyoni, nikaona hapana, nikakusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini haya unayonieleza, mbona unanieleza mimi? Mimi nilikuwepo, binti yangu. Kawaambie ambao hawakuwepo."

Ninyi hamkuwepo. Kwa hiyo nawaambia, kwa maandishi. Mzee Mbonde hakulala kazini. Aliona, akaja, akaniambia. Mimi ndiye niliyeulizwa, nikasema hapana.